Kisa: saiti 26, seva moja, na pakeji iliyokuwa ikikisia

Majina ya hoteli, ya watu na ya kampuni nimeyatoa yote, na kuna vitu viwili vitatu nimevibadilisha ambavyo mtu wa Mombasa angevitumia kujua ni nani. Mambo ya seva yenyewe nimeyaacha vile yalivokuwa, manake hapo ndo kuna kitu cha kujifunza.

Usuli

Sisi ni timu ya watu watatu, ofisi iko kisiwani, kazi yetu kubwa ni kutengeneza na kuhosti saiti za gesti hausi na hoteli ndogo ndogo za Pwani, Diani, Nyali, Mtwapa, Watamu, mpaka Lamu. Wateja wetu si hoteli kubwa za nyota tano, ni watu wenye vyumba nane, kumi na mbili, ambao mgeni mmoja akipotea wamehisi. Kila saiti ina kurasa zake za mbele, picha za ufuo, bei, ramani, halafu ina sehemu ya buking ambayo ni programu moja tuliyoiandika wenyewe kwa lugha ya PHP. Mgeni achagua chumba, aweka jina, simu na namba ya kitambulisho, aonyeshwa namba ya till ya M-Pesa ya kulipia dipoziti.

Seva ilikuwa moja, VPS (seva ya kukodi) ya GB 4 za memori, yenye Debian 11, ambayo ni aina ya Linux, na PHP 7.4. Saiti 26 zote zakaa humo, na zilifikaje 26? Kwa cp -r, amri ya kukopi folda nzima. Mteja mpya akija twakopi folda ya mteja wa mwisho, twabadilisha config.php, ile faili ya mipangilio ya saiti, twafungua databesi mpya, twamaliza, kabla ya adhuhuri saiti iko hewani. Ilikuwa rahisi sana na ndo maana hatukuona tunachojijengea. Siku moja nilichukua faili moja tu, ile inayopokea fomu ya buking, nikaipitisha md5sum, amri inayotoa namba ya utambulisho ya faili, kwenye folda zote 26. Ningetegemea namba moja ijirudie mara 26. Zilitoka namba tisa tofauti. Yaani tulikuwa na programu tisa tukidhani ni moja, kwa sababu kila mteja akilalamika kitu twaingia kwa folda yake twarekebisha pale pale, na ile rekebisho haitoki pale.

Kilichotusukuma

Tuligundua shimo kwenye sehemu ya kupandisha picha za vyumba. Programu ilikuwa yaangalia aina ya faili kwa kuamini vile brauza inavosema, haiangalii mwisho wa jina, kwa hivo mtu angepandisha faili ya .php akiiita picha. Dawa ilikuwa mistari mitatu. Lakini mistari mitatu mara folda 26, na zile tisa tofauti zamaanisha huwezi hata kuikopi faili moja kila mahali, lazima ufungue usome kwanza. Ilituchukua siku mbili kamili, mimi na mwenzangu, moja moja.

Tukakosa moja. Hoteli yake ilikuwa imebadilisha jina mwaka uliopita, domeni ikawa mpya, lakini folda kwenye seva ilibaki na jina la zamani, na sisi tulikuwa twatiki kwenye orodha ya majina mapya. Baada ya siku kumi hivi kuna mtu alipita pale pale, akaweka faili kwenye folda ya picha, na seva ikaanza kutuma imeli za takataka usiku kucha. Anwani ya seva ikaingia kwenye orodha nyeusi, na kwa sababu saiti zote 26 zatuma imeli kutoka anwani moja, imeli za kuthibitisha buking za wateja wote zikaanza kuangukia kwa spam. Hoteli 25 ambazo hazikuwa na shida yoyote zikaumia kwa sababu ya jirani. Tena kila saiti ilikuwa ikiendeshwa na yuza mmoja, www-data, kwa hivo aliyeingia kwenye moja alikuwa na uwezo wa kusoma config.php za zote, na paswedi zote za databesi. Tulizibadilisha zote usiku huo huo.

Tulivoamua na kwa nini

Tulikaa chini na kukubaliana kitu kimoja: msimbo uwe nakala moja kwenye seva, na uingie kama pakeji ya .deb kama vile programu nyingine zote za Debian zinavoingia. Ukirekebisha, watoa toleo jipya, apt, programu ya Debian ya kuweka pakeji, yaliweka, basi.

Tuliangalia njia zingine mbili. Moja ilikuwa kuweka git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, kwenye kila folda na kufanya git pull (kuvuta toleo jipya) kwa kitanzi. Tuliikataa kwa sababu bado yaacha nakala 26, na mtu akishika faili kwa mkono basi pull yagoma kwa ile moja, wabaki na zile zile tofauti, sasa tu zina jina la kitaalamu. Ya pili ilikuwa kontena, yaani kila saiti ifungiwe kando na programu zake zote. Hii si mbaya, na kwa timu yenye seva kubwa ningewaambia waifikirie. Kwetu hesabu ilikataa: kila kontena ingekuja na PHP-FPM yake (inayoendesha PHP) na OPcache yake (memori inayokeshi msimbo), na OPcache kwa kawaida yatengewa MB 128, sasa 26 zikijaza zafika karibu GB 3.3 kwenye seva ya GB 4, na databesi haijapata kitu. Nakala moja ya msimbo chini ya FPM moja, OPcache yaikeshi mara moja na saiti zote zatumia ile ile.

Mpangilio wa pakeji ya kwanza ulifuata desturi ya kawaida ya Linux: msimbo ndani ya /usr/share/buking, mipangilio ndani ya /etc/buking, vitu vinavobadilika kama picha ndani ya /var/lib/buking. Na hapa ndo kosa liliingia, kimya kimya. Programu ilikuwa imezoea kutafuta config.php pale pale ilipo. Kwa hivo mwenzetu aliyetengeneza pakeji alifanya vile pakeji nyingi zinazodhani seva ina saiti moja zinavofanya, akaweka linki, yaani faili inayoelekeza tu kwenye faili nyingine, kutoka /usr/share/buking/config.php kwenda /etc/buking/config.php. Kwenye kila saiti akaweka linki ya ln -s ya faili za programu, na pembeni yake config.php ya ile saiti yenyewe.

Tulijaribu kwenye seva ya majaribio na saiti moja ya Diani. Ilifanya kazi vizuri kabisa.

Usiku wa kuhamisha

Ilikuwa Alhamisi baada ya isha, wiki moja kabla ya Idd, na najua mtu atauliza kwa nini wiki hiyo. Tulitaka kumaliza kabla wageni hawajaanza kumiminika kutoka Nairobi, na tulikuwa bado twaogopa lile shimo la picha. Tuliamua tusihamishe zote, tuhamishe nne: ile ya Diani tuliyoijaribu, mbili za Nyali na moja ya Mtwapa. Folda za zamani hatukuzifuta, tulizibadilisha jina tu. Ule uamuzi mdogo ndo uliotuokoa.

Saa tano usiku tukafungua saiti zote nne kwa simu. Kurasa za mbele zilikuwa sawa, kila moja na picha zake. Tukafungua fomu ya buking, logo sawa, vyumba sawa: singo, dabo, famili. Tukafunga ofisi, kila mtu akaenda zake.

Kumbe logo na kurasa za mbele zilikuwa zatoka kwenye folda ya saiti moja kwa moja, hazipiti kwenye programu. Na vyumba vya singo, dabo na famili viko kwenye kila gesti hausi ya Pwani hii. Vitu ambavyo vingetuonyesha tofauti vilikuwa viwili, bei na namba ya till, na sisi hatukuviangalia.

Simu ya asubuhi

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, meneja wa gesti ya Nyali akapiga, mama mmoja mtulivu sana ambaye hatujawahi kumsikia amepandisha sauti.

"Mwanangu, kuna mgeni wangu ashalipa dipoziti, anitumia mesej ya M-Pesa, jina nililoona hapa ni la hoteli ya Diani. Hao mie siwajui. Mumenifanyia nini?"

"Mama, nipe dakika kumi."

"Dakika kumi nakupa. Lakini huyu mgeni adhani mie ni tapeli."

Mgeni alikuwa amesoma jina la mpokeaji kwenye mesej baada ya kulipa, akashtuka. Asingesoma, pesa zingeendelea kwenda Diani wikendi nzima.

Niliingia kwa seva, nikaandika mstari mmoja wa kuchapisha njia ya faili ya mipangilio iliyosomwa, nikafungua saiti ya Nyali, na pale kwenye skrini ikatokea /usr/share/buking/config.php. Si ile ya Nyali. Nikafungua ya Mtwapa, ile ile. Programu ilikuwa na mstari huu, ambao tumekaa nao miaka bila shida:

`require __DIR__ . '/config.php';`

Kwenye PHP, __DIR__ haikupi folda ambayo mgeni amepitia. Yakupa folda ambayo faili yenyewe inakaa kikweli baada ya linki zote kufuatwa mpaka mwisho. Zamani kila folda ilikuwa na nakala yake, kwa hivo jibu lilikuwa sahihi kila mara. Tulipoweka linki, saiti zote nne zikawa zaishi /usr/share/buking, zote zikasoma linki ya pale, na ile linki yaelekea /etc/buking/config.php ambayo tulikuwa tumeijaza mipangilio ya Diani wakati wa majaribio. Zile config.php tatu tulizoziweka kwa uangalifu kwenye folda za Nyali na Mtwapa hakuna aliyezisoma hata mara moja.

Tulirudisha folda za zamani kwa zote tatu ndani ya dakika zile kumi. Halafu tukahesabu: buking 14 za hoteli tatu zilikuwa zimeingia kwenye databesi ya Diani, na malipo mawili kwenye till yake. Mwenye hoteli ya Diani alizirudisha pesa kabla ya swala ya Ijumaa bila kubishana, nasema hivi kwa sababu angeweza kutusumbua na hakufanya hivo. Buking tulizihamisha kwa mkono, moja moja, kila moja tukimpigia mgeni kuthibitisha tarehe na chumba.

Kulikuwa na jambo lingine zito kuliko pesa. Majina, simu na namba za vitambulisho vya wageni 14 zilionekana na wafanyakazi wa hoteli isiyowahusu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 yasema mwenye data, yaani hoteli, amripoti Kamishna wa Data ndani ya saa 72 kama kuna hatari ya kweli kwa mtu, na anayemshikia data, yaani sisi, amjulishe mwenye data bila kuchelewa, ikiwezekana ndani ya saa 48. Tuliwaandikia hoteli zote nne siku hiyo hiyo, tukaeleza nini kimeonekana, na nani, kwa muda gani. Mwenzetu mmoja alikuwa na maoni kwamba simu ingetosha. Sikukubaliana naye na bado sikubaliani, kwa sababu simu haimuachii meneja kitu cha kumuonyesha mwenye hoteli wala Kamishna.

Tulivojenga upya

Tulisimamisha kuhamisha mpaka Idd ipite, na kwa wiki tatu tukaijenga pakeji upya kwa wazo moja: pakeji isijue saiti yoyote. Isijue ziko ngapi, isijue majina yao, na muhimu zaidi isiwe na ya kukisia. Ile linki ya /usr/share/buking/config.php tuliifuta. Leo programu ikiamka na haijaambiwa ni saiti gani, yakufa na era 500, yaani kosa la seva. Mgeni akiona era atapiga simu hotelini. Mgeni akiona till ya mtu mwingine atalipa.

Saiti yaundwa na amri yake, tuliiita buking-saiti. Pakeji yaleta amri na msimbo, amri ndo yaunda saiti: yaandika faili ya mipangilio ndani ya /etc/buking/saiti/, folda ya picha ndani ya /var/lib/buking/, yuza wa Linux wa saiti hiyo, na puli yake ya PHP-FPM, yaani kundi lake la michakato ya PHP. Kwa vile faili hizo hazikuja ndani ya pakeji, dpkg, programu ya Debian inayosimamia pakeji, haizijui, na isichokijua haikigusi, wala wakati wa kuapdeti wala wakati wa purge, yaani kufuta pakeji pamoja na mipangilio yake. Hii ni tofauti na faili iliyokuja na pakeji ndani ya /etc, ambayo dpkg yaifuatilia, na ukiwa umeibadilisha na toleo jipya limeibadilisha pia, yasimama kukuuliza ubaki na yako au uchukue mpya. Hilo ni sawa kwa faili moja, lakini kwa saiti 26 mtu akibonyeza Y kwa uchovu ashamaliza.

Jina la saiti laingiaje? Hapa tulibishana siku nzima. Pakeji ya WordPress kwenye Debian, kwa mfano, ina msimbo mmoja ndani ya /usr/share/wordpress na yachagua faili ya mipangilio ndani ya /etc/wordpress kwa jina la domeni aliyoiitisha mgeni. Ni njia nzuri, na tulijifunza mengi kwa kuisoma. Sisi tuliikwepa kwa sababu mbili: wateja wetu kadhaa wana domeni mbili, ya .co.ke na ya .com, na jina la domeni ni kitu kinachotoka kwa brauza ya mgeni, sikutaka kitu cha mgeni kiamue nafungua faili gani. Tuliweka jina la saiti kwenye puli ya FPM, kama thamani ya mazingira, mahali ambapo mgeni hafiki.

Puli kwa kila saiti ilitupa kitu kingine ambacho sasa ndo nakipenda kuliko vyote. Kila puli yaendeshwa na yuza wake, na faili ya mipangilio ya kila saiti yasomwa na yuza wake tu. Sasa hata kama sisi wenyewe tukikosea jina, puli ya Nyali ikaambiwa ifungue mipangilio ya Diani, Linux yenyewe yakataa. Kosa lile lile la ule usiku leo lingetoa era, lisingetoa till. Na memori haikuumia kwa sababu puli zote tuliziweka ondemand, saiti isiyo na mgeni haina mchakato unaokaa bure.

Kwenye nginx, programu inayopokea maombi ya brauza, tuliongeza seva ya kupokea majina yasiyojulikana na kuyafungia. Usipoiweka, nginx yachukua seva ya kwanza iliyoisoma na kuifanya ndo ya kukisia, na faili zikisomwa kwa alfabeti ya kwanza ni hoteli ambayo jina lake laanza na A. Ni ugonjwa ule ule mahali pengine.

Halafu kuki. Wakati wa kujaribu, mwenzangu aliingia kama admin kwenye saiti moja, akakopi thamani ya kuki ya sesheni (alama ambayo kwayo saiti yamjua aliyeingia), akaibandika kwenye saiti ya pili kwenye brauza nyingine. Ikamfungulia. Admin wa kule akawa admin wa huku. Sesheni zote zilikuwa ndani ya /var/lib/php/sessions za yuza mmoja, na ndani ya sesheni kumeandikwa tu kwamba huyu ni yuza namba 1. Shida hii tulikuwa nayo tangu enzi za cp -r, hakuna aliyewahi kuijaribu. Tukaipa kila saiti folda yake ya sesheni.

Hilo nalo likazaa lake baada ya miezi. Debian haiachi PHP ijisafishie sesheni, imeiweka uwezekano wa kusafisha kuwa 0 na kazi hiyo imepewa taima ya phpsessionclean, ambayo yaangalia folda iliyoandikwa kwenye php.ini, haijui folda ulizoandika kwenye puli. Tukajikuta na faili zaidi ya laki moja. Sasa buking-saiti yaweka na taima ya kusafisha. Na taima za kutuma ukumbusho kwa wageni tulizifanya kwa kiolezo cha systemd (programu ya Linux inayoendesha huduma na taima), kile chenye alama ya @, saiti moja taima moja, ili hoteli ikifunga msimu wa mvua twazima yake peke yake.

Wiki ya tatu ya kuhamisha: databesi

Tulipofika saiti kumi na moja tukagonga ukuta mwingine. Toleo jipya lilihitaji safu mpya kwenye jedwali la buking, na tulikuwa tumeweka kazi hiyo ndani ya postinst, ile skripti inayoendeshwa pakeji ikimaliza kuingia. Ikizunguka saiti zote, moja baada ya nyingine. Saiti ya saba ilikuwa na ile safu tayari, kuna mtu aliiongeza kwa mkono zamani akimsaidia mteja. MariaDB, programu yetu ya databesi, ikasema era 1060, safu hiyo ipo, postinst ikafa, na pakeji ikabaki nusu. Saiti sita zina jedwali jipya, tano zina la zamani, msimbo ni mpya kwa zote. Na kila tulipogusa apt kwa kitu kingine chochote, ilirudi kujaribu kuimalizia ile pakeji, yagonga pale pale. Kurudi nyuma haikuwezekana pia, kwa sababu MariaDB ukibadilisha muundo wa jedwali yakamilisha hapo hapo, hakuna kughairi.

Tuliitoa databesi kwenye postinst kabisa. Pakeji yaleta skripti za kubadilisha, lakini kuziendesha ni kazi ya amri ya saiti, moja moja. Programu ikiona databesi yake ni ya toleo la nyuma yaonyesha ukurasa wa "tunarekebisha, tupigie" na namba ya hoteli, haijaribu kuandika kitu.

Pia tuliruhusu matoleo mawili kukaa pamoja, buking4 na buking5, kila moja na folda yake ndani ya /usr/share, kama vile Debian inavoacha postgresql mbili za namba tofauti zikae kwenye seva moja. Puli ya saiti ndo yachagua. Hii ilitusaidia sana kuhama kutoka Debian 11 kwenda 12, kwa sababu PHP yaruka kutoka 7.4 hadi 8.2, na tulihamisha saiti tatu tatu kwenye seva mpya badala ya zote kwa mkupuo.

Yaliyotokea mwisho

Saiti 25 zimeshahamia. Rekebisho la mwisho la usalama, kosa dogo kwenye fomu ya kubadilisha paswedi, lilichukua dakika ishirini na tano za kazi, kutoka kuandika mpaka saiti zote kuwa nalo, na nyingi ya hizo dakika zilikuwa za kujaribu. Anwani ya seva ilitoka orodha nyeusi. Hatukupoteza mteja hata mmoja kati ya wale wanne, japo mmoja alitaka maelezo kwa maandishi mara mbili na alikuwa na haki.

Uchambuzi

Kilichotuangusha kwanza si __DIR__, yule ni shahidi tu. Tulijaribu kitu cha saiti nyingi kwa kutumia saiti moja. Ukiwa na saiti moja, mipangilio ya kukisia na mipangilio sahihi ni faili ile ile, hakuna jaribio duniani litakaloonyesha tofauti. Leo seva ya majaribio ina saiti mbili ambazo tumezifanya zitofautiane kwa kila kitu: jina, bei, till za uongo, lugha, rangi, hata sarafu. Ya kwanza yauza kwa shilingi, ya pili kwa dola. Chochote kikivuka kutoka huku kwenda kule chaonekana kwa macho.

Pili, tuliangalia tulichozoea kuangalia. Ukurasa wa mbele ukifunguka mtu ajisikia amani, lakini ukurasa wa mbele haukupita kwenye kitu tulichokibadilisha. Siku hizi baada ya kila apdeti kuna skripti yafungua fomu ya buking ya kila saiti kama mgeni, yasoma till iliyoonyeshwa, na kuilinganisha na orodha iliyoko nje ya seva, kwenye kompyuta ya ofisi. Iko nje kwa makusudi. Ukilinganisha seva na seva yenyewe, kosa likiwa kwenye mipangilio pande zote mbili zitakubaliana.

Kuhusu wiki ya Idd, mimi ndo niliyesukuma. Sababu ya usalama ilikuwa ya kweli, ila mistari mitatu ya kuziba shimo tulikuwa tayari tumeiweka, na ile moja iliyobaki ingezibwa kwa mkono kwa robo saa. Kubadilisha muundo mzima hakukuwa na haraka hiyo.

Kilichofanya kazi: kuhamisha nne badala ya 26, kutofuta folda za zamani, na kuandika barua siku ile ile. Na bado kuna gharama ambayo njia hii haiwezi kuiondoa. Zamani kosa letu lilikuwa laua saiti moja, sasa msimbo ni mmoja na kosa likipita laweza kuua zote kwa dakika moja. Ndo maana twaapdeti saiti mbili kwanza, za wateja waliokubali, twalala, kisha zingine.

Ile saiti ya 26 bado iko kwenye folda yake ya zamani. Mwenyewe alilipa mtu wa nje amuongezee hesabu za mashua na safari za Wasini moja kwa moja ndani ya faili zetu, kazi nzuri tu, lakini haiwezi kuingia kwenye nakala ya pamoja ilivyo. Tumeipa yuza na puli yake ili isisome za wenzake, na mwezi ujao twakaa na mwenye hoteli tuone kama zile hesabu zaweza kuwa plagini inayokaa ndani ya /var/lib, upande wake.